Saba kwa Gemu ya Wawili

Kazini walimwita Nusu, kwa sababu ilikuwa nadra atoe alama isiyo na nusu. Sita na nusu, saba na nusu, na mara moja tisa na nusu iliyozungumziwa mwezi mzima. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu za kwenye televisheni kabla hazijafika madukani, kuziandikia uhakiki katika gazeti moja la mtandaoni, na mwisho kuzipa alama kati ya sifuri na kumi. Watu wakisikia hivyo husema, "Yaani unalipwa kucheza?" Naye hujibu, "Ndiyo," maana kueleza ni kazi nyingine.

Gemu humfikia wiki mbili kabla ya watu wote, ikiwa na sharti: asiseme lolote mpaka tarehe fulani. Kwa hiyo hucheka peke yake na hushtuka peke yake. Siku watu wanapoanza kuizungumzia, yeye yuko kwenye nyingine. Ni kama mgeni aliyefika shereheni viti havijapangwa, akaondoka wenzake wakiingia.

Aliishi ghorofa ya tatu. Mdogo wake alikaa naye miaka sita, kisha akaolewa mji mwingine, na tangu hapo kochi la watu watatu lilibonyea upande mmoja tu. Kila siku saa tatu asubuhi hufungua daftari na kuwasha mashine. Huandika kama pedi, kile kidude cha vitufe cha mkononi, inatii kidole, kama kamera inamfuata mchezaji au inamwacha nyuma ya ukuta, kama hadithi inashika, na gemu ikiganda, imegandia wapi. Alama huja mwisho, na humtesa kuliko maneno yote. Wasomaji wengi huruka mpaka chini kuitazama, kisha hupanda juu kugombana na maneno.

Sasa siku moja mhariri alimtumia gemu ya wachukuzi wawili wanaobeba kabati la vioo kutoka bondeni mpaka nyumba iliyo juu ya mlima. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Wasipokwenda pamoja, kabati linaanguka. Haikuwa na njia ya kucheza mtu mmoja, wala ya kucheza na mtu aliye mbali.

Akajaribu kuwa wote wawili. Pedi moja mkononi, nyingine sakafuni akiikanyaga kwa vidole vya mguu. Kabati lilivunjika mara kumi na tisa kabla ya kutoka mlangoni. Akampigia mdogo wake.

"Njoo siku mbili tu."

"Dada, na hawa watoto nimwachie nani? Halafu hicho kidude sijakishika tangu nilipojifungua wa kwanza. Tafuta mtu wa hapo hapo."

Mhariri naye akamwambia vivyo hivyo kwenye simu. "Tafuta mtu, Nusu. Kwani huna mtu?"

"Ninaye," alisema. Alipokata simu alikaa akifikiria ni nani. Alipitia majina yote kwenye simu yake, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Fundi wa mabomba. Daktari wa meno. Wenzake kazini, ambao wote walikuwa miji mingine na wawili kati yao hakuwahi kuwaona kwa macho. Mwanamume mmoja ambaye asingempigia hata kabati likiwa la kweli.

Chini kabisa, karibu na mlango wa kuingilia, alikaa mkunga mstaafu. Walikuwa wakisalimiana ngazini na kulalamikia maji pamoja, basi. Nusu alishuka, akabisha hodi, na kabla hajapoteza ujasiri akasema, "Samahani mama, una nafasi mchana? Nahitaji mtu wa kucheza naye."

"Karata?"

"Gemu. Ya kwenye televisheni. Ni ya kazini kwangu. Nitakufundisha kutumia pedi."

Mkunga akaegemea mlango. "Mwanangu, mimi pedi nimezigawa wodini miaka thelathini. Hutanifundisha kitu."

Alipanda mchana ule ule, akavua viatu, akaketi upande wa kochi ambao haukubonyea. Saa ya kwanza ilikuwa balaa. Alikuwa akiinua pedi juu badala ya kubonyeza, na kila kabati lilipoanguka aliomba radhi kwa wenye kabati. Lakini alikuwa na kitu ambacho Nusu hakuwa nacho: sauti. Walipofika kwenye daraja la kamba, kabati likayumba, Nusu akaanza kubonyeza ovyo, na mkunga akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Tulia. Vuta pumzi. Usisukume kwanza."

Nusu akatulia.

"Sasa. Sukuma kidogo. Kidogo! Haya, kinakuja, kinakuja..."

Kabati likavuka. Wakacheka mpaka jirani wa ghorofa ya pili akagonga dari yake kwa ufagio.

Mkunga alikuja siku nne mfululizo, kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka saa kumi na moja. Siku ya tatu alikuwa anatoa amri. Walipopumzika walikunywa chai, na mkunga akasimulia kuhusu wodi: wanawake humshika mkono kwa nguvu mpaka kucha zinaacha alama, halafu wakikutana naye sokoni hawamtambui. "Siwalaumu. Pale hawaangalii sura yangu." Siku ya nne walilifikisha kabati juu, kioo kimoja tu kikiwa na ufa. Mkunga alipiga makofi, akajifuta machozi kwa upande wa khanga, akasema amechoka kama aliyelibeba kweli.

Jioni ile Nusu aliandika tisa. Kisha akarudi kwenye daftari, maana ndiyo desturi yake, kuhakikisha alama inatokana na kilichoandikwa. Humo alikuta kwamba kamera ilimpoteza mchezaji wa pili mara saba. Gemu iliganda darajani na kufuta kazi ya saa nzima. Mabonde mawili ya mwisho yalikuwa yale yale ya mwanzo yaliyobadilishwa rangi. Na kurasa mbili nzima hazikuwa na neno juu ya gemu: yote yalikuwa maneno ya mkunga.

Akajiuliza: nimeipa tisa gemu, au nimempa tisa mama? Msomaji akinunua hatamkuta mkunga humo ndani. Aliifuta tisa. Aliandika nane, akaifuta. Mwishowe akapeleka saba kavu, bila nusu, akihisi amefanya haki, akafunga daftari.

Tarehe ilipofika, wahakiki wengine walikuwa wametoa tisa, na wastani wa wote ukawa juu. Alama yake ilisimama chini ya nyingine kama jino lililong'oka nusu. Wasomaji hawakumwachia. "Huyu kacheza peke yake," aliandika mmoja, "hana rafiki, ndiyo maana." Mia tatu wakaunga mkono.

Mkunga, akiwa amebeba mfuko wa mboga, alimkuta ngazini. "Enhe! Wametupa ngapi?"

"Saba, mama."

Uso wa mkunga ukashuka. "Saba? Mimi nilidhani tumefanya vizuri."

"Hatukupewa sisi. Ni mimi niliyetoa. Ni alama ya gemu."

"Aa," alisema mkunga. Akahamisha mfuko mkono wa pili. "Basi sawa. Wewe ndiye unayeijua kazi yako."

Gemu iliyofuata ilikuwa ya mtu mmoja, msichana anayetafuta mji uliozama mchangani. Hakukuwa na sababu ya kubisha hodi, lakini Nusu alibisha. Mkunga akapanda, akaketi pale pale. Walipeana pedi kwa zamu, ila zamu ya mmoja ilipofika, wa pili hakuwa na la kufanya ila kutazama. Baada ya muda mkunga aliulizia bei ya pazia. Nusu akamjibu. Mkunga akatazama saa ya ukutani, kisha, kwa adabu, akaitazama tena kwa kujificha.

"Nikuache ufanye kazi yako, mwanangu."

"Haya mama. Ahsante kwa kuja."

Alipofunga mlango, Nusu alisimama akiwa ameshika kitasa. Watu walikuwa wale wale wawili, kochi lile lile, chai ile ile, na kicheko hakikuja. Kumbe kicheko kilikuwa cha gemu. Wale waliobuni kabati lile walikaa mahali fulani wakafikiria namna ya kuwafanya watu wawili wasiojuana wasikilizane, na wakaweza. Ilistahili nane na nusu, hata pamoja na kamera yake mbovu. Alikuwa ameidhulumu kwa kudhani furaha ile ilikuwa ya kwake na mama. Angependa sana awe amekosea upande ule mwingine: iwe gemu ndiyo iliyopendelewa, na furaha iwe ya kwao kweli.

Akampigia mhariri, akaomba kubadilisha.

"Alama iliyotoka haibadilishwi," mhariri alisema. "Tukianza hapo hatumalizi. Andika aya chini, kama unataka."

Aliandika aya. Alisema alikosea hesabu yake mwenyewe, na kwamba gemu hii inafanya jambo gumu ambalo hajaliona kwingine. Iliwekwa chini ya uhakiki, chini ya maoni yote, na kwa wiki nzima waliofika huko walikuwa wanne.

Jumamosi alimkuta mkunga akianika shuka uani. Akashika ncha ya pili bila kuulizwa, wakaikunja katikati juu ya kamba.

"Mama, ile gemu yetu ilistahili zaidi. Nimewaandikia."

"Wamekusikia?"

"Hapana."

Mkunga akabana kibanio, akanyoosha kona ya shuka kwa kiganja. "Vuta huko kwako kidogo," alisema. "Imepinda."