Mpishi Huondoka Jioni

Shuleni walimwita Mama Upawa, na aliyembandika jina hilo alikuwa na ulimi mchafu, maana upawa mwanamke yule alikuwa nao, mtoto hana. Miaka nenda miaka rudi alipika katika shule ya bweni, akiwapakulia watoto wa wenzake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ya kwanza alinyimwa, basi ya pili akaipandia ndege, yeye na mumewe fundi baiskeli, wakavuka bahari kwenda kuchukua watoto wawili wa kituo cha yatima, wasemao Kiswahili kama wao: msichana wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake wa kiume wa miaka saba.

Majirani hawakukosa la kusema. "Samaki mkunje angali mbichi, shoga. Hao wameshakauka!"

"Mkavu naye huliwa," akawajibu, akafunga sanduku lake.

Sheria ya huko iliwataka kwanza wakae pamoja mwezi mzima, katika fleti ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko jembamba. Kisha afisa wa ustawi angekuja kumuuliza msichana, ambaye umri wake ulimruhusu kujisemea: mnakwenda au mnabaki? Akisema hapana, ni hapana kwa wote wawili, na Mama Upawa arudi mikono mitupu.

Siku ya kwanza chakula kilipoiva, watoto walipanga foleni mlangoni mwa jiko, sahani mkononi, mdogo mbele, dada nyuma. Mazoea yana taabu! Mama Upawa akajikuta anapaza sauti, "Haya, anayefuata!" Wakapokea, wakaenda mezani, wakala kimya. Yeye akafuta jiko, kisha akala ukoko wa sufuria akiwa wima, kama alivyokula maisha yake yote.

"Unaona?" akamwambia mumewe kwa furaha. "Hawanisumbui hata kidogo."

"Hata abiria hawamsumbui dereva," fundi akasema.

Wiki zikaenda hivyo hivyo. Watoto walikuwa watiifu kupita kiasi, na hakuna aliyemwita mama. Asubuhi moja alikuwa akipita na taulo mbele ya bafu, akamsikia mdogo akisema, "Dada, yule anapika vizuri."

"Usimzoee," dada akajibu, huku akimfunga vifungo vya shati. "Mpishi huondoka jioni. Umesahau wale wa kituoni? Wewe kula ushibe, basi."

Lahaula! Mama Upawa alikaa ukingoni mwa kitanda na taulo lake, machozi yakamtoka. Mtoto hakukosea. Tangu waje, hakuna siku hata moja aliyokula nao.

Jioni ile alitua sufuria katikati ya meza, akavuta kiti. Ungemwona! Mikono haikujua pa kukaa. Mara mbili aliinuka, mara mbili mumewe akamvuta gauni. "Kaa, mke wangu. Moto umeshazimwa."

Dada alimtazama kwa mashaka. "Ukishakula utakwenda wapi?"

"Niende wapi, mwanangu? Nitaosha vyombo, nitawafokea mkalale, na kesho mtaniamkia hapa hapa. Sikuja kuwapikia niondoke, nimekuja kuwa mama yenu. Ila kukaa mezani sijui. Nifundisheni."

"Mtu mzima hajui kukaa!" mdogo akaangua kicheko, na fundi naye akacheka mpaka akapaliwa. Dada hakucheka. Alimsogezea Mama Upawa jagi la maji, akaendelea kula.

Kuanzia hapo walikula wanne. Hata hivyo afisa alipofika na kuketi sebuleni, Mama Upawa hakuwa na hakika ya lolote. Msichana alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake, kama alivyoushika kila mahali: barabarani, dukani, hata usingizini.

"Sema bila kuogopa mtu," afisa akamwambia. "Mnataka kwenda na hawa?"

 Msichana akainuka, akamvuta mdogo wake hadi kwa Mama Upawa, akautia ule mkono mdogo katika kiganja chake.

"Tutakwenda," akasema. "Lakini kwenye ndege mama ndiye akae naye. Mimi nataka kukaa dirishani."