Betri Iliyokula Dagaa

Naikumbuka vizuri ile siku, mwanangu, kwa sababu nilivaa shati la kanisani na haikuwa Jumapili. Nilikuwa nakwenda Butiama kumwomba babu yangu auze ng'ombe wake wawili wa plau, na niliona si vizuri kumpelekea mzee jambo zito namna hiyo nikiwa na shati la kazi.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa dereva wa mama yangu mdogo, Nyangeta, huyu ambaye akija hapa nyumbani anakupakata kabla hajavua viatu. Yeye ni mjane, ananunua dagaa mwaloni Musoma, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na kuwauza Bunda. Alikuwa amenunua gari dogo la haibridi, lililokwisha kutumika, lile linalokwenda kwa petroli likisaidiwa na betri kubwa iliyokaa chini ya kiti cha nyuma. Alilipenda kwa sababu halikuwa mlafi wa mafuta. Siku za soko nilibeba mzigo wake, na siku nyingine nilibeba watu wanaokodi kwenda Musoma, Butiama na Bunda. Kilichopatikana kililisha nyumba yake na ya kwetu.

Sasa gari hilo likashindwa Nyasura, tukiwa tumebakiza kidogo kuingia sokoni Bunda. Taa nyekundu ya pembetatu iliwaka mbele yangu, feni iliyo pembeni ya kiti cha nyuma ikavuma kama mashine ya kusaga, kisha gari likaishiwa nguvu. Watu walitusaidia kulisukuma hadi gereji iliyokuwa karibu. Fundi aliwasha, akaitazama ile taa, akazima. Akasema betri kubwa imekufa, lazima iagizwe nyingine mpya Dar es Salaam, na bei aliyoitaja ilikaribia kuwa bei ya gari lenyewe.

Nikamwambia asante.

Nilikuwaga hivyo, mwanangu. Mbele ya mtu anayejua kazi yake, maneno yalikuwa yananikauka. Niliona kuuliza ni kama kumtukana.

Mama mdogo alilia kidogo, halafu akasema hakuna njia ila wale ng'ombe wa baba yake. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda kuwaomba. Akanituma mimi.

Babu Magesa nilimkuta uani, anafunga kamba mpya kwenye nira, kwa sababu mvua za kulimia zilikuwa karibu. Ng'ombe wake mmoja aliitwa Diwani, kwa kuwa alipenda kulia bila sababu. Mwingine aliitwa Tingatinga. Bila wao, shamba lote la mihogo na mtama lingelimwa kwa jembe la mkono, na mgongo wa babu ulikuwa hauinami tena. Nilijua hayo yote. Nilimweleza hivyo hivyo, nikitazama viatu vyangu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, akaweka nira chini.

"Mume mwenzangu," akasema. Aliniita hivyo kwa utani wa babu na mjukuu, kwamba bibi ni mke wetu sote wawili. "Huyo fundi alikuonyesha hiyo betri?"

"Hapana, babu. Aliona taa."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asante."

Babu akacheka mpaka bibi akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Bibi alipoambiwa, naye akacheka, akasema kama yeye angekuwa ananunua nyanya hivyo, bila kuziona, angekuwa amekwisha kufa njaa. Kisha babu akaacha kucheka, na uso wake ukawa mwingine.

"Diwani akichechemea, naita bwana mifugo," akasema. "Simpi asante mpaka ainue kwato, nione kilichomchoma. Wewe umekuja kuchukua miguu minane ya ng'ombe wangu kwa ajili ya kitu ambacho hujakiona. Rudi ukamwambie neno moja tu. Nionyeshe. Ukionyeshwa na ukakuta hakuna njia nyingine, njoo. Nitawafungua mwenyewe na kuwapeleka mnadani, na sitakulaumu."

Mnada ulikuwa unakuja wiki iliyofuata. Nilirudi Bunda nikilirudia lile neno moyoni, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyorudia alichotumwa ili asisahau.

Fundi wa Nyasura alinitazama nilipolisema. Akauliza kama nimekuja kumfundisha kazi. Nikamwambia, hapana fundi, wewe ndiye mwalimu, mimi nataka tu uniinulie kiti nione kilichokufa, kwa sababu nikienda nyumbani nitaulizwa. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa na kuniambia ukweli ambao angeniambia tangu siku ya kwanza kama ningeuliza: yeye hizi betri za haibridi hazigusi. Umeme wake unaua mtu, na hana mashine ya kuzipima. Aliyoyasema ndiyo anayoyasikiaga kwa wengine. Akanielekeza kwa fundi mmoja wa kike, Ghati, aliyejifunzia kazi hiyo Mwanza na sasa ana gereji yake Kamunyonge, Musoma. Tukaagana vizuri. Hata alinitafutia lori la mchanga lililokuwa linarudi Musoma tupu, tukalipandisha gari humo kwa kulisukuma kutoka kwenye tuta.

Ghati hakuwa mtu wa salamu ndefu. Kabla sijasema lolote alinitaka nisimame mbali. Alivaa glavu nene za mpira zinazofika kwenye viwiko, akang'oa plagi ya usalama ya betri, akaiweka mfukoni mwake ili mtu yeyote asije akairudisha bila yeye kujua, kisha akasubiri kabla ya kugusa chochote. Alisema nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa betri hiyo, hazina msamaha, na mtu akikuambia betri hii inafunguliwa kwa mikono mitupu, uchukue gari lako uondoke.

Ndipo nikasema neno langu. "Fundi, naomba unionyeshe."

"Sogea basi," akajibu. "Njoo uone."

Aling'oa feni iliyo pembeni ya kiti. Ilikuwa imevaa koti. Vumbi, magamba, vipande vidogo vya dagaa waliokauka, vyote vimeshikana na mafuta ya samaki mpaka feni ikawa haivuti hewa.

"Mnawekaga nini hapa nyuma?"

"Magunia ya mama mdogo."

"Juu ya hiki kitundu?"

Nikaangalia. Ubavuni mwa kiti kulikuwa na kidirisha chenye vyuma vyembamba. Mimi siku zote nilidhani ni urembo. Hata mama mdogo alikuwa anapenda gunia liegemee pale kwa sababu halitikisiki.

"Hapo ndipo betri inapumulia," Ghati akasema. "Mmeiziba pua, halafu mkailisha dagaa. Nyie watu wa mwaloni." Akacheka, akamwita jirani yake anayechomelea mageti aje aone betri iliyokula dagaa. Nilicheka nao. Kulikuwa na nini kingine cha kufanya?

Betri yenyewe, mwanangu, si kitu kimoja. Ni seli nyingi zilizopangwa bega kwa bega, kama vitabu kwenye kabati, zikiunganishwa kwa vipande vya shaba. Ghati alizipima moja moja kwa mita, nami nikiangalia. Mbili za katikati, mahali penye joto kuliko kote, zilikuwa zimekwisha. Shaba nayo ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Nyingine zote zilionekana nzima.

Nikamuuliza njia zilizopo. Nilishangaa kusikia sauti yangu inauliza. Alinieleza kwamba betri mpya ya kuagiza ndiyo inayodumu kuliko zote, na mwenye uwezo ainunue. Wengine wananunua betri nzima iliyotoka kwenye gari lililopata ajali. Hiyo ni nafuu, lakini usiichukue mpaka ipimwe mbele yako na muuzaji akupe muda wa kuirudisha. Na kama seli zilizokufa ni chache, unaweza kubadilisha hizo tu kwa seli zilizotumika ambazo nguvu yake inalingana na zilizobaki. Nikasema basi tuweke mpya kabisa hizo mbili, zitazisaidia nyingine. Akakataa. Seli mpya katikati ya zilizochoka itavutana nazo, na betri yote itasumbua mapema. Hilo nilielewa bila kurudiwa. Babu hamfungi dume kijana nira moja na mzee, kwa sababu plau huenda upande.

Tena hakunificha. Alisema kubadilisha seli si dawa ya milele. Zilizobaki nazo zina umri, na siku moja nyingine itachoka. "Nakupa muda wa kutafuta pesa ya betri bora," akasema. "Sikupi betri mpya." Mama mdogo alipokuja, alimwambia hivyo hivyo, na mama mdogo akakubali.

Ili gharama ipungue, Ghati alinipa kazi ambayo haina hatari. Alifungua vipande vya shaba, nikakaa kwenye kigoda nikivisugua kwa siki na msasa laini mpaka vikang'aa. Feni niliiosha kwa brashi ya meno. Seli alizozipata kwa mwenzake wa Mwanza zilipofika, aliziunganisha zote pamoja na kuziacha zisawazike, ili isiwepo iliyojaa kuliko mwenzake. Mimi nilikuwa nataka kesho yake niondoke. Aliniambia niende nikanywe chai.

Siku tuliyofunga kila kitu, taa ilizimika. Nilikwenda kulijaribu mpaka Bunda peke yangu, nikiimba. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko, ile pembetatu nyekundu ikawaka tena.

Mama mdogo alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Mnada ulikuwa kesho kutwa. Akasema, "Mwanangu, umejitahidi. Mwambie baba awafungue tu."

Zamani ningesema sawa, mama. Safari hii nilimwambia bado sijaonyeshwa. Nikarudi Kamunyonge, nikalisema lile neno mara nyingine, na sikuona aibu. Ghati naye alikuwa amekasirika, lakini si kwangu. Alikuwa amejikasirikia mwenyewe. Alifungua tena betri. Safari hii hakuishia kwenye mita. Alichukua taa ya mbele ya gari, akaiunganisha kwenye kila seli, akaiacha iwake, huku akiangalia mita. Seli moja baada ya nyingine zilishikilia. Halafu tukafika kwenye moja, ya pembeni kabisa, ambayo tangu mwanzo ilipima vizuri kama wenzake. Taa ilipowaka, namba kwenye mita ikaporomoka.

"Huyu hapa," akasema. "Akisimama tu ni mzima. Akipewa kazi anaanguka."

Nikamwambia hata ng'ombe wapo wa hivyo, zizini wananawiri, ukiwavisha nira wanalala. Akasema na waume wapo, akaing'oa ile seli. Akaweka nyingine, na ile kazi ya kurudia hakunitoza.

Nilipanda ule mwinuko na taa haikuwaka. Nikashuka, nikapanda tena. Kisha nikaelekeza gari Butiama, kiti cha nyuma kikiwa kitupu, kidirisha wazi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Babu nilimkuta shambani, anatembea nyuma ya plau anayoshika kijana wa jirani, akimgombeza Diwani kwa jina. Aliposikia gari alisimamisha kazi. Hakuuliza kama limepona, maana alikuwa ameliona likija. Alinyoosha mkono na kusema, "Nionyeshe."

Nilikuwa nimeomba kwa Ghati zile seli mbili zilizokwisha kabisa, akazifunga vizuri kwa utepe. Nikampa moja. Babu akaipima mkononi, akaigeuza. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko kiganja chake na nyembamba kama kitabu cha nyimbo.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema. "Na haka ndiko kalikotaka kunilia Diwani na Tingatinga." Akaisogeza puani mwa Diwani, eti amwone adui yake. Diwani akainusa, akaguna. Labda alisikia harufu ya dagaa. Babu akanirudishia, akashika fimbo yake, na plau ikaendelea.

Mwanangu, gari lile bado linatembea, na mama mdogo anaweka akiba kwa ajili ya betri bora, maana tuliambiwa siku hiyo itakuja. Magunia yanakwenda kwa bajaji ya mizigo. Ukikua ukapanda nyuma, usiweke begi lako kwenye kile kidirisha.

Na hili ndilo ninalokuachia. Ukiambiwa kitu chako kimekufa, iwe gari, iwe shamba, iwe mwili wako mwenyewe, usikimbilie kuuza kilicho kizima. Mwombe kwa heshima anayejua akuonyeshe palipoharibika. Fundi mwema hatakasirika, na asiyejua atakuelekeza kwa anayejua. Uliza njia zote, ya ghali na ya nafuu, na uulize kila moja itadumu muda gani. Penye hatari ya kuua, kaa mbali umwachie mwenye glavu. Tena likishindikana mara ya kwanza, rudi, uulize tena. Aibu uliyo nayo umeirithi kwangu, naiona unapojificha nyuma ya kanga ya mama yako wageni wakija. Si dhambi. Lakini isikufunge mdomo siku ambayo wengine watalipa kwa ajili ya ukimya wako.

Mungu akupe sauti ya kuuliza, hata ikitoka ndogo. Akukutanishe na watu wa kukuonyesha. Na kila utakachokifungua, kikutane na mkono wenye subira.