Wimbo Niliomtumia Karanja

Harufu ya kabichi zilizolowa na mvua hunirudisha kijijini Bahati, kwenye boma letu, mwaka ule vijana watano wa ng'ambo walipokaa namba moja redioni wiki baada ya wiki. Betri zikiisha nguvu tulizianika juu ya mabati ili tusiukose wimbo wao. Tuliuimba tukichota maji, tukikata majani ya ng'ombe, bila kuelewa hata mstari mmoja. Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda choo, basi. Shule niliacha darasa la saba, na leo nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, kwa hivyo mtu asinihurumie.

Ndio mwaka kakangu Karanja, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alisinzia malishoni, naye ng'ombe wetu Kairu akaingia kwa jirani akala kabichi zenye umande mpaka tumbo likajaa kama ngoma. Baba alimwambia mbele yetu sote, "Huyu akikufa, usilale kwangu." Karanja hakungoja. Alishika njia, na baadaye tukasikia yuko Olkaria, anachimba mitaro ya mabomba ya mvuke. Hakujua kwamba jioni ileile jirani alimtoboa Kairu ubavuni, hewa ikatoka, ng'ombe akasimama akaanza kutafuna. Simu hatukuwa nayo. Mama aliacha kuimba kwaya. Baba akiulizwa alisema kila mtu ana miguu yake.

Mimi ndiye niliyechukua hatua, na sioni aibu kujisifu. Nilijaza kadi ya salamu ya redio, kwa maana Jumapili mchana hakuna kibarua ambaye hakusikiliza kipindi kile. Nikaandika zimfikie Karanja, Olkaria, zikitoka kwa Baba, Mama, nyanya yetu Cucu na mimi. Majina yakaniishia na mistari ilikuwa bado, nikamwongeza Kairu. Chini nikachagua ule wimbo wa namba moja, kwa sababu mtu humpelekea ndugu yake kitu kizuri kuliko vyote. Wiki mbili baadaye mtangazaji aliisoma kadi akicheka: "Na Kairu, ng'ombe wetu. Jamani, siku hizi hata ng'ombe wanatuma salamu." Kisha wale vijana wakaimba. Alhamisi Karanja alisimama langoni na mkate chini ya kwapa. Baba alimtazama, akamwambia akamkame Kairu, maziwa yanachelewa.

Tangu siku hiyo nimeishi nikijua kwamba wimbo ule ulimrudisha kakangu. Niliupiga kwenye harusi yangu. Niliupiga nikifungua kila duka. Ndio mlio wa simu yangu. Juzi binti yangu, anayesoma chuo kikuu Njoro, alicheka simu ilipoita. "Baba, kwani hujui wanasema nini? Huyu anamwambia mwenzake asirudi tena, kwamba ameishi vizuri bila yeye." Nilimwambia arudie. Akarudia, polepole, mstari kwa mstari. Nilihesabu kichwani wageni wote wa harusi yangu waliokuwa wamesoma, nao walicheza tu.

Nikaendesha gari mpaka Bahati. Karanja alikuwa zizini, mvi kichwa kizima. Nikamuuliza, wewe ulijua Kiingereza, ulisikia unaambiwa usirudi, mbona ukarudi? Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mteja asiyejua anachonunua.

"Wimbo gani? Nilisikia Kairu yuko hai, nikatupa sepetu."

Sasa sijui. Nilifanya jambo kubwa, au nilijaza mstari tu? Binti yangu akitaka kuniita nyumbani siku hizi, anapiga simu na kunipata dakika hiyohiyo; hakuna kadi, wala mstari mtupu wa kujazia jina la ng'ombe. Nilipokuwa narudi mjini simu ililia. Nilisimamisha gari kando ya barabara, nikawaacha wale vijana waimbe mpaka mwisho, na nikajikuta nasubiri wamtaje ng'ombe.