Faini ya Kukasirika

Hadithi juu ya kamanda wetu na mizaha yake ni nyingi, na kila mwaka huongezeka. Wajukuu huniletea mpya: kwamba alimchekesha afisa wa Kireno hata bunduki ikamponyoka, kwamba aliimba juu ya mti huku ndege za vita zikimtafuta. Siziandiki. Mimi sikuwapo, na wanaozisimulia nao hawakuwapo. Ninaandika asubuhi moja ya Jumanne na siku tano zilizoifuata, kwa kuwa nilikuwapo, na kwa kuwa kosa lililotendeka lilikuwa langu.

Wakati wa vita vya kumng'oa Mreno nilikuwa katibu wa siasa wa chama katika kituo chetu karibu na Nhica, upande wa kusini wa mto Ruvuma, na watu waliniita mwalimu. Shehena zilivushwa kwa mitumbwi, tukazigawanya kuwa mizigo ya kichwani, na wachukuzi wakazipeleka kusini kwa miguu. Wachukuzi wenyewe walikuwa wa asili mbili. Wapo waliotoka vijiji vya pwani, wengi wao wanawake, na wapo walioshuka kutoka uwanda wa juu, wanawake na vijana. Kabla ya vita watu hawa walikutana sokoni na misibani tu. Sasa walilala msitu mmoja na kula chungu kimoja.

Jumanne hiyo shehena ilikuwa masanduku ya dawa na bendeji, nayo yalikuwa yakisubiriwa kwa shida kubwa. Tarishi alikuwa amefika kutoka hospitali ya porini, katika msitu wa upande wa Diaca, akasema hali ni mbaya. Sikutosheka na maneno ya tarishi. Nikamwomba barua, akanipa. Ilikuwa ya muuguzi mwenyewe, ameiandika kwa kalamu ya risasi. Alikuwa na majeruhi kumi na mmoja, sindano hazina dawa, na vidonda anavifunga kwa vitambaa vya kanga vilivyochemshwa. Mwisho aliandika: “Dawa isipofika Ijumaa, leteni majembe.” Kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa siku tatu kwa wenye mizigo. Hapakuwa na nusu siku ya kupoteza.

Kamanda alikusanya wachukuzi jua lilipochomoza. Alikuwa mtu wa uwanda, mfupi, sauti ndogo, uso umejaa chale za ujana wake. Alikuwa hajamaliza sentensi ya pili pale bibi mmoja wa pwani, kiongozi wa wachukuzi wanawake, mwenye umri wa mama yangu, alipomkatiza.

“We mtu wa uwanda! Unatutuma safari ya siku tatu, umeoga lakini? Au unangoja masika?”

Kwa asiyejua: juu uwandani maji yako mbali, huteremkiwa bondeni kwa mitungi. Watu wa uwanda ndio waliocheka kuliko wote.

“Mimi niliogeshwa siku niliyozaliwa, bibi,” kamanda akajibu. “Inatosha. Lakini ninyi mnaotembea upande upande kama kaa, Diaca mtafika lini?”

“Tutafika kabla yako! Na hizo chale, baba, zifunike. Mreno akikukamata hana haja ya ramani, njia zote umezichora usoni!”

Kamanda alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaondoka na wapelelezi wawili kuangalia kivuko cha mbele, akakiacha kituo mikononi mwangu. Safu ya wachukuzi ingeondoka saa mbili asubuhi.

Sasa nieleze nilivyofikiri, bila kujitetea. Utani niliujua tangu utotoni. Watu wa pwani na watu wa uwanda ni watani. Chanzo chake kila upande una kisa chake, nami sijaona ushahidi wa kisa chochote. Sheria yake lakini ni moja na haina ubishi: mtani hutukana, na atukanwaye hakasiriki. Anayekasirika ndiye mkosaji, na hutozwa faini. Yote hayo niliyajua. Ila nilikuwa nimesoma shule ya misheni, kisha nikasomeshwa siasa ng'ambo ya mto, na huko tulifundishwa kwamba ukabila ni adui wa pili baada ya ukoloni. Nikaamua, kwa akili yangu mwenyewe, kuwa bibi yule ametenda kosa la ukabila mbele ya wapiganaji. Nikafungua daftari, nikamwita.

“Umemtukana kamanda kwa asili yake.”

“Nimemtania, mwalimu.”

“Chama kimekataza.”

Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, umekasirika?”

“Hapa nauliza mimi.”

“Nami nimeuliza. Umekasirika?”

“Ndiyo, nimekasirika!”

“Haya,” akasema, kama mtu aonaye samaki ameingia kwenye dema, mtego wake. “Una faini.”

Nikamweka kwenye kibanda cha ghala, mlinzi mlangoni, mpaka ajikosoe mbele ya watu. Kisha nikatoa amri safu iondoke.

Hakuna aliyeinua mzigo. Wala hawakuwa watu wa pwani walioanza kuketi; walikuwa watu wa uwanda. Kijana mmoja wao, mrefu, meno yamechongwa, akauliza kwa adabu kabisa:

“Mwalimu, mtani wetu yuko wapi?”

“Ni mtuhumiwa. Amewatukana.”

“Ametutukana sisi. Wewe ni wa pwani mwenzake, umekasirikia nini?”

“Ninalinda heshima ya kamanda.”

“Kamanda alikuwa anacheka, mwalimu. Sote tumemwona.”

Niliwasomea barua ya muuguzi, neno kwa neno. Walisikiliza, wengine wakainamisha vichwa. Kisha mwanamke mmoja wa uwanda, mtoto mgongoni, akasema: “Barua tumeisikia. Mtoe bibi, tuondoke sasa hivi.”

Sikumtoa. Neno hilo moja limeniuma maisha yangu yote, na ninaliandika mwenyewe ili asije mtu akalipamba. Majeruhi kumi na mmoja walikuwa wanasubiri, nami nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la dawa nikilinda kanuni niliyokuwa nimeielewa vibaya. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Ilipokaribia saa nne kamanda akarudi kuuliza kwa nini safu haikumkuta kivukoni.

Nilisimama, nikamsomea mashtaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha zaidi. Akaenda kibandani, akafungua mlango kwa mkono wake, akaketi chini kwenye vumbi mbele ya bibi yule, bunduki mapajani.

“Bibi, aliyetukanwa ni mimi. Katibu wangu amekasirika kwa niaba yangu, kwa hiyo tumekosa wawili. Tutoze haraka, kuna watu wanakufa.”

Watu walisogea wakazunguka. Bibi hakuharakishwa. Alijitengeneza kanga, akakohoa, akatoa hukumu kama kadhi.

“Wewe wa uwanda, utasikia matusi mpaka Diaca, na ukikunja uso tunaanza upya kutoka hapa. Na utambebea mwalimu huo mfuko wa madaftari, upate kujua uzito wa elimu.”

“Nimekubali.”

“Na mwalimu atachukua sanduku langu. Kichwani, kama wanawake. Si begani.”

Kicheko kilichozuka sijakisikia tena mahali popote. Mwanamke mmoja alinisukia ngata ya majani, akaniweka sawa kama mwali anayefundwa. Sanduku likayumba, likaanguka, likadakwa, likapanda tena. Mizigo yote ilikuwa imekwisha kuinuliwa kabla sijapiga hatua ya kwanza. Nami, kwa mara ya kwanza tangu niingie msituni, nilicheka mbele ya watu.

Njiani kamanda alinisogelea, mfuko wangu ukining'inia shingoni mwake. Alisema maneno machache, na haya nayathibitisha kwa kuwa niliambiwa mimi: “Mwalimu, watu hawa wanaponitania bado wananihesabu mwenzao. Siku wakinyamaza mbele yangu, uniambie. Nitajua wameanza kuniogopa, na Mreno wameshamwogopa miaka mingi.”

Nimeishi kuona viongozi wengi tangu hapo, na baadhi yao ni wachekeshaji hodari. Si muda mrefu uliopita nilihudhuria mkutano mjini, nikaketi safu ya tatu. Mvuvi mmoja alisimama kuuliza kwa nini zahanati ya kijiji chao haina mkunga. Kiongozi alitazama shati lake lililochanika, akasema jambo kuhusu shati hilo. Uwanja mzima ukacheka. Mvuvi akaketi, na swali likaketi naye. Watu waliondoka wakimsifu kiongozi kuwa ni mcheshi. Mimi nilikumbuka yule aliyeketi vumbini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukitaka kumjua mcheshi wa kweli, ngoja achekwe yeye.

Tulikuwa tumechelewa karibu saa mbili na nusu, na safu ile ililipa muda huo kwa miguu yake. Matusi hayakukatika. Wa uwanda waliwauliza wa pwani kama miti inawatisha kwa kuwa haina chumvi. Wa pwani waliwajibu kwamba wenzao wanatembea haraka kwa sababu wamesikia harufu ya maji. Aliyechoka alitukanwa mpaka akapata nguvu ya kujibu, na akijibu alikuwa tayari ameshavuka kilima. Siku ya pili, mchana, ndege ya Mreno ilikuja chini chini. Tulilala chini ya vichaka, mizigo imefunikwa majani. Hofu ile naijua. Ni hofu inayomfanya mtu mmoja ainuke akimbie, na wote waonekane. Ndege ilipokuwa juu yetu nilimsikia bibi akimnong'oneza kamanda:

“Inama uso, baba. Rubani anatafuta barabara.”

Mabega ya safu nzima yalitikisika kwa kicheko. Hakuna aliyeinuka. Ndege ikazunguka mara mbili, ikaenda zake baharini.

Tulifika Ijumaa, asubuhi bado ina umande. Muuguzi alitusikia kabla ya kutuona, akatoka njiani mikono imelowa, tayari kutugombeza kwa kelele. Alipoona masanduku alilivunja la kwanza pale pale, likiwa bado kichwani mwangu, akachukua alichotaka, akakimbia nacho ndani. Kamanda alivua mfuko wangu, akaenda kumchotea maji.

Tulikaa siku mbili kupumzisha miguu. Watu wote kumi na mmoja walikuwa hai tulipofika. Mmoja alitutoka Jumamosi, na tulimzika kwa heshima. Sijui, wala hakuna ajuaye, kama saa nilizozipoteza zilikuwa zake. Waliobaki kumi niliwaona kwa macho yangu wakianza kushuka homa, mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa zaidi alikuwa mpiganaji wa uwanda ambaye hakuwa amesema neno kwa siku tano. Jumapili bibi aliketi kando yake akimlisha uji kwa kijiko. Mgonjwa alimeza vijiko viwili, akafumbua macho, akamtazama bibi.

“Uji huu,” akasema kwa sauti iliyokauka, “umepikwa na mtu wa pwani. Una mchanga.”

Bibi aliruka, kijiko mkononi, akatoka nje mbio akipiga vigelegele hata hospitali nzima ikasikia:

“Amepona! Jamani, huyu amepona!”