Zizi la duara kwenye blogu ya hesabu

Nilikuwa steshenari Butiama, nimenuna kwenye foleni, nikimsubiri mwalimu wa hesabu amalize kuchapisha blogu yake akaibandike darasani. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo teknolojia yetu inatembea kwa gundi.

Mzee mmoja akaegesha baiskeli mlangoni, akaingia na daftari la binti yake.

"Mwalimu, uliuliza uzio wa mita arobaini utazungushia zizi kubwa zaidi likiwa na umbo gani. Mtoto kaandika duara, ukampa kosa."

"Jibu ni mraba, mzee wangu. Liko kwenye blogu."

"Mimi najengaga mazizi tangu sijaoa. Hebu piga hesabu."

Mwalimu akabonyeza simu. Zizi la mraba lilitoa mita za mraba mia moja, la duara mia moja ishirini na saba. Akaliomba daftari, akaweka vema, kisha akamwambia mchapaji, "Futa jibu. Andika limesahihishwa na mzazi."

"Andika na mtoto," mzee akasema. "Mimi nimeleta daftari tu."

Mitandaoni wengi wanatoa maoni hata swali hawajalisoma. Haya yamekuja kwa baiskeli kutoka Buswahili, na mwalimu kayakubali mbele ya foleni nzima. Nikasahau kununa.