Kiti Nilichopata kwa Jina la Yaya

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyotazama viatu vyangu wakati nilipopaswa kufungua kinywa.

Nilikuwa fundi cherehani hapa Kamalondo, Wazungu wakiwa bado wanatawala na mji ukiitwa Elisabethville. Kaka yangu mkubwa, Polikarpe, niliyemwita yaya kama tunavyowaita kaka zetu huku kwetu, alikuwa karani. Kisha akaanza kuhutubia watu, na jina lake likavuka jimbo letu la Katanga. Picha yake ilipotoka gazetini, wateja waliacha kuniuliza habari za suruali zao, wakaniuliza habari zake. Walisema siku moja nchi itakuwa mikononi mwake, na kweli ikawa.

Tuliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini, yaani baraza la mtaa wetu, watu walinisukuma mbele. Sikuwa na neno langu mwenyewe. Kila niliposimama nilianza, "Yaya wangu anasema," nao wakapiga makofi. Nikashinda, nikajishonea koti jipya. Tangu hapo sikutulia. Nikikaa kwenye cherehani nawaza baraza, nikiwa barazani naogopa kusema jambo litakalomwaibisha yaya.

Sasa siku yenyewe. Mzungu aliyeongoza kikao alisoma azimio la kuwaondoa kina mama waliouza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kando ya uwanja wa mpira. Eti wanachafua barabara. Mmoja wao alikuwa Mama Ngoie, mjane aliyeniombea kura mtaani kuliko mtu yeyote.

"Kuna anayepinga?" Mzungu akauliza.

Yaya alikuwa mbali, Leopoldville, mji mkuu. Nikajiambia, ngoja kwanza nimwandikie, nijue anaonaje. Nikatazama viatu. Azimio likapita.

Siku chache baadaye polisi wakaja, wakamwaga mitungi yote. Mama Ngoie alikuja kwangu moja kwa moja, kitenge kimelowa munkoyo hadi magotini. Nilimpa kiti, akakataa.

"Weye ulikuwa mule ndani?"

"Nilikuwa mule, mama."

"Ulisema nini?"

"Nimeandikia yaya barua. Tungoje majibu."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Mutoto, yaya yako iko na bantu yake. Miye nilipita nyumba na nyumba, nikaomba baba za hapa bachague weye. Jina yako weye."

Akaondoka. Majibu ya barua hayakuja, na simlaumu yaya. Alikuwa na mambo makubwa kuliko mitungi ya munkoyo. Mimi ndiye niliyepewa mitungi ile niiangalie.

Siku zile nilishona mikono ya mashati kinyume. Nilitembea Kamalondo nzima nikiikwepa kona ya uwanja. Kikao kilichofuata nilisimama kabla sijaitwa. Kifaransa kikanikwama, nikaendelea kwa Kiswahili mpaka wenzangu wawili nao wakasimama. Kina mama wakapewa sehemu nyuma ya soko.

Nilikimbia kumwambia Mama Ngoie. Nyumba ilikuwa imefungwa. Alikuwa amehamia Mokambo, kwa binti yake.

Nikamfuata huko, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya ile sehemu nyuma ya soko. Alinisikiliza akiendelea kupepeta mahindi.

"Ulisema muzuri," akasema. "Lakini miye sirudi tena. Nguvu ya kuanza mupya haiko."

Nilirudi peke yangu, nikamaliza muda wangu barazani. Nilisema mengine ya maana, mengine ya kijinga, lakini yote yalikuwa yangu. Yaya alipofika juu kabisa aliniita nifanye kazi chini yake. Nilikataa, na tukakaa miaka bila kusalimiana. Hilo nalo liliniuma, nisikufiche.

Mwanangu, ukizaliwa karibu na mtu mkubwa, mpende na umheshimu. Lakini watu wakikutuma wewe, jibu wewe. Usingoje kuambiwa unawaza nini. Na ukimkosea mtu, mfuate alipo, umwombe radhi uso kwa uso, hata kama huna tena cha kumrudishia. Mimi mpaka leo, mzee hivi, nikifikiri habari ya mama yule siwezi kukaa kitako. Nainuka, natembea uani.

Mungu akupe ujasiri usiongoja ruhusa ya mtu. Akuwekee karibu watu wa kukuambia ukweli, nawe akupe masikio ya kuusikia mapema kuliko nilivyousikia mimi.