Msafiri Asiyekohoa

Wiki ya kuelekea sikukuu, duka la dawa lililo karibu na stendi ya mabasi hujaa vituko. Watu wanaokohoa mpaka wanashika ukuta wanaingia, wanajifuta midomo kwa kiganja, kisha kwa kiganja kilekile wanatoa pesa na kuomba dawa ya kutuliza kikohozi, maana kesho wana safari. Hawataki dawa ya kuponya. Kupona kuna muda wake, na basi halimngoji mtu. Wanataka kitu cha kuwaziba kifua mpaka wafike kwa ndugu zao, na wakishafika, Mungu atajua.

Muuzaji wa duka hilo, mtaa mzima ulimwita Dokta. Udaktari wenyewe aliupata kwenye kozi fupi ya kuuza dawa na kwenye koti jeupe alilojinunulia, lakini jina hakulikataa hata siku moja. Alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu kupita kiasi, kola imenyooka, kucha fupi, kalamu mbili mfukoni na mojawapo haikuwa na wino. Mke alikuwa naye zamani. Aliondoka akisema amechoka kupimwa joto kila akipiga chafya, na Dokta aliwasimulia watu kauli hiyo kama ushahidi kwamba mwanamke yule hakuwa na akili.

Kazi yake hasa, ukiacha kuuza, ilikuwa kudharau. Aliwadharau wateja wake kwa bidii, mmoja baada ya mwingine, huku akiwarudishia chenji.

"Dokta, nipe ile ya kahawia, ile inayonyamazisha kabisa," alisema mama mmoja mwenye begi lililomzidi ukubwa, macho mekundu, pua imechubuka kwa kufutwafutwa.

"Unakwenda wapi na kifua hicho, mama?"

"Kwa wakwe. Tunakutana wote. Halafu kuna kichanga kimezaliwa, bado sijakiona."

"Basi ukifika, kibusu vizuri."

"Nitakibusu, Dokta. Asante sana," alisema yule mama, na kejeli haikumgusa hata kidogo. Akalipa, akakohoa juu ya kioo cha kaunta, akaenda zake.

Dokta alichukua kitambaa akafuta kioo. Kisha akachungulia nje na kumwambia mama muuza soda wa mlango wa pili, "Umemwona yule? Anakwenda kumuua mtoto wa watu, tena anacheka." Muuza soda akatikisa kichwa. Wote wawili waliona wamefanya lao. Katika miaka yote ile, Dokta hakuwahi kumnyima mtu chupa ya kahawia wala kumwambia arudi nyumbani alale. Aliwauzia kwanza, akawasema baadaye.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemlainisha, naye ni mama yake. Bibi yule alikaa kwenye mji mdogo walikozaliwa wanawe wote, akitunzwa na binti yake kitinda mimba. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Msimu wa mvua uliopita alilazwa, akawekewa oksijeni, na daktari wa kweli, yule asiyehitaji kujinunulia koti, aliwaita watoto pembeni akawaambia wazi: "Mama yenu amebakiwa na kifua kidogo sana. Mafua ambayo ninyi mnaita mafua tu, yeye yatamwondoa. Mlindeni."

Maneno hayo kaka mkubwa, dereva wa lori, aliyasikia kwa huzuni. Kitinda mimba aliyasikia kwa machozi. Dokta aliyapokea kama cheo. Tangu siku hiyo aliweka sheria: sikukuu ikifika, hakuna mtoto, mkwe wala mjukuu atakayevuka kizingiti cha mama kabla hajakaguliwa na yeye mwenyewe. Angekaa barazani na kipimajoto chake, amwangalie kila mtu koo. Ndugu zake walinung'unika, lakini walikubali, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mambo hayo, na kwa sababu kubishana naye kulichosha.

Sasa basi. Siku chache kabla ya safari, Dokta aliamka koo linawasha. Mpaka mchana mgongo ulikuwa unauma na macho yanachoma. Alijipima joto nyuma ya kabati la dukani, akakitazama kipimajoto, akakikung'uta, akajipima tena, kama vile kifaa ndicho kilichokuwa kinaumwa. Mara ya pili kikasema yaleyale. Hakuhitaji kuambiwa alikoyatoa mafua hayo. Alikuwa amekoholewa usoni na nusu ya mji.

Jioni, kabla hajafunga, mama yake akapiga simu.

"Dokta wangu, unakuja?" Hata mama alimwita hivyo. "Kaka yako anakuja na mkewe na mtoto. Usipokuja wewe, nani atawazuia hawa na mafua yao?"

Jibu lilikuwa fupi. Mama, naumwa, nitakuja nikipona. Mtoto wa shule angelisema, na bibi angeelewa, angesema pole, angefunga mlango. Lakini mtu akishajifanya mlinzi wa mlango, kumwambia abaki nje ni kumvua nguo. Dokta alimfikiria kaka yake, lile jitu la malori lisilonawa mikono, likiingia ndani bila kukaguliwa. Akaona kwamba asipokwenda ndipo mama atakuwa hatarini. Ndivyo alivyojidanganya, na alifanya hivyo kwa ustadi mkubwa kuliko alivyowahi kuuza dawa.

"Nakuja, mama," alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu akashusha chupa ya kahawia, na vidonge vya kushusha homa. Alijiambia ni vumbi la maboksi. Na hata kama si vumbi, yeye si kama wale. Yeye anajua anachokifanya. Wale wote nao walifikiri hivyohivyo walipokuwa wamesimama upande wa pili wa kaunta, lakini hilo halikumpitia akilini.

Ndani ya basi alikaa dirishani. Kiti cha mbele alikaa kijana aliyekuwa akikohoa kwenye mkono wa shati, na Dokta alivumilia kidogo tu.

"Ndugu yangu, watu kama wewe mngekaa nyumbani," alimwambia kwa sauti ya kusikika. "Mnasambazia wenzenu maradhi kwa makusudi."

Abiria wengine wakaunga mkono. Mmoja alisema siku hizi watu hawana haya. Kijana akajikunyata kwenye kiti chake, akaomba radhi. Dokta akageukia kioo, akafungua kifuniko polepole na kugugumia dawa yake. Njia nzima hakukohoa hata mara moja, na aliposhuka alijisikia mtu safi.

Ukaguzi ulifanyika barazani kama ilivyopangwa. Alivaa koti. Alikalia kiti cha mbao, kipimajoto mkononi, na watu wazima wakapanga mstari mbele yake wakiwa na mabegi yao.

"Hivi sisi ni watoto wa nyumba hii au wahalifu?" aliuliza kaka mkubwa, kipimajoto kwapani.

"Nyamaza, kaka. Ukiongea kinasoma vibaya."

Ikawa zamu ya shemeji yake, mke wa huyo kaka, fundi wa kushona mashuka, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa. Alikuwa amembeba binti yake mdogo, na pua ya mtoto ilikuwa inachuruzika. Dokta akarudisha kiti nyuma.

"Huyu haingii."

"Shemeji, ni vumbi tu la njiani. Nyumbani alikuwa mzima kabisa."

"Vumbi halitoi makamasi ya kijani."

"Mbona ni maji tu? Hiyo kijani iko wapi?"

"Itakuja," alisema Dokta.

Kaka mkubwa alifungua mdomo, lakini mkewe akamshika mkono. "Acha, baba. Kama ni kwa ajili ya mama, sawa." Akachukua begi lake na mwanawe, akaenda kulala kwa jirani wa nyuma. Sikukuu yote alimsalimia mama mkwe wake akiwa uani, dirishani, na mtoto akimpungia bibi mkono kutoka begani kwa mama yake. Asubuhi ya siku ya pili pua ilikuwa kavu. Dokta alisema hiyo si hoja.

Yeye alikuwa ndani. Alijipa kazi ya kukaa na mama, maana nani mwingine angeaminika? Alikaa ukingoni mwa kitanda, akampaka mafuta ya kifua, akamrekebishia mito. Supu ilipoletwa alikataa kumwachia mdogo wake kijiko. Alichota, akapuliza taratibu ipoe, akamlisha mama. Akachota tena, akapuliza tena. Bibi alikuwa akifungua mdomo kwa raha zote, kama anayetaka kila mtu aone jinsi anavyopendwa. Kila kifua kilipoanza kumtekenya, Dokta alisimama nyuma ya mlango wa kabati kama anayetafuta shuka, akapiga funda moja, akarudi.

Ilikuwa katikati ya supu hiyo ambapo mama alimshika mkono.

"Mbona una moto hivi?"

"Jua la njiani, mama. Bado halijanitoka."

"Pole, mwanangu. Unajichosha mno kwa ajili yetu."

Hapo aliona aibu. Tumtendee haki, aliiona kweli, ikampanda mpaka masikioni, na kwa muda mfupi alijua kabisa kwamba anapaswa kuweka bakuli chini, atoke nje, aende kulala kwa jirani alikowapeleka wengine. Ingemgharimu kicheko cha kaka yake, basi. Alikitazama kijiko, na kilikuwa bado na supu. Akakipuliza.

Sikukuu ikaisha, kila mtu akarudi alikotoka na mabegi yake na alichookota. Haikupita wiki, kitinda mimba akapiga simu. Yeye mwenyewe alikuwa akikohoa, na mama alikuwa hawezi tena kumaliza sentensi bila kupumzika. Wakampeleka hospitali. Bibi alifariki mchana, mpira wa oksijeni ukiwa puani, Dokta akiwa bado njiani.

Msibani watu walikaa uani kwenye viti vya kuazima, na baada ya machozi likaja swali ambalo huwa haliachi kuja. Nani aliyaleta? Kaka mkubwa alikuwa ameugua, kitinda mimba ameugua, wote wawili sauti zimekauka. Waliokuwa wazima kama chuma ni shemeji na binti yake, wale waliolazwa nje. Mtu mwenye akili zake angeanzia hapo. Lakini hakuna aliyetaka kuanzia hapo.

"Mimi nilimwona yule mtoto amebandika uso dirishani," alisema kitinda mimba, bila kumtazama yeyote.

Kaka mkubwa akamgeukia mkewe, akamtupia jicho ambalo hakuwahi kumtupia tangu amwoe. Shemeji akainama. Kisha mjomba mmoja mzee, ndugu wa marehemu, akasema lililokuwa midomoni mwa wote: "Tusibahatishe. Dokta ndiye anayejua mambo haya. Dokta, hebu tuambie. Mafua yanaweza kupita dirishani?"

Dokta alikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la kweli, na alilipima, na aliona watu wote wanamwangalia kwa heshima.

"Mafua hayahitaji mlango," alisema. "Dirisha linatosha."

Watu wakaguna na kutikisa vichwa. Walimshukuru kwa kuwaelimisha.

Baadaye, watu walipokuwa wakitawanyika, shemeji alimfuata nyuma ya nyumba, mahali pa kuoshea vyombo. Kile kicheko chake hakikuwepo kabisa. Kabla Dokta hajajua anataka nini, alipiga magoti kwenye udongo uliolowa maji ya sabuni.

"Shemeji, nisamehe. Ulinikataza, nikaona ni maneno tu. Laiti ningebaki kwangu na mwanangu. Mume wangu hasemi nami. Nimemuua mama, shemeji, nimemuua kwa mikono yangu."

Alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi. Dokta alisimama na koti lake, koo limepona, kifua chepesi, akimwangalia mwanamke pekee katika nyumba ile ambaye hakumletea mama yake madhara yoyote. Aliinama, akamshika mkono, akamwinua.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema. "Lakini mwakani, ukiona mtoto ana mafua, msisafiri."